Namna ya Kuitembelea Nyumba ya Bundi ya Nieu Bethesda

Mtu aliyelelewa Afrika Mashariki akisikia kwamba ipo nyumba iitwayo Nyumba ya Bundi, na kwamba watu husafiri mamia ya kilomita kwenda kuiona, huenda moyo wake ukasita kidogo. Kwetu bundi akitua juu ya paa na kulia usiku, wazee hunyamaza, na kukipambazuka mtu hutuma salamu kwa jamaa zake ili ajue kama wote wameamka wazima. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni wa kwetu hana budi kuliacha nje ya lango. Katika nyumba hii bundi ndiye mwenyeji. Amefinyangwa kwa saruji, ametiwa macho makubwa, amewekwa langoni, juu ya matao na katikati ya ua, naye humwangalia kila anayeingia bila kumtakia shari yoyote.

Nyumba hiyo iko katika kijiji cha Nieu Bethesda, jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, kwenye nyanda kame za Karoo. Helen Martins, mwenye nyumba hiyo aliyeigeuza kuwa kazi ya sanaa, alizaliwa kijijini hapo mwaka 1897, akasomea ualimu, akaolewa, ndoa ikavunjika, kisha akarudi nyumbani kuwauguza wazazi wake. Mama yake alifariki mwaka 1941 na baba yake mwaka 1945. Baada ya hapo alibaki peke yake katika nyumba ya kawaida ya kijijini, akiwa na umri unaokaribia miaka hamsini na fedha kidogo sana. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alikuwa amelala mgonjwa, mbalamwezi ikiingia dirishani, akawaza jinsi maisha yake yalivyokuwa yamefifia na kukosa rangi, na hapo hapo akaazimia kuyatia nuru. Kazi iliyoanza na azimio hilo aliiendeleza hadi alipofariki mwaka 1976. Alitamani nyumba yake ihifadhiwe iwe makumbusho, na ndivyo ilivyo leo. Kwa hiyo mgeni anayelipa kiingilio na kupita mlangoni asijione kama anayechungulia faragha ya marehemu. Amekaribishwa.

Safari na maandalizi

Raia wa Tanzania na Kenya hawahitaji viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini, ila ni vyema kuhakikisha masharti kabla ya kukata tiketi, maana masharti hubadilika. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa uwanjani anaweza kutakiwa kukionyesha kabla ya jambo jingine lolote. Njia iliyo rahisi ni kuruka hadi Johannesburg, kisha kuunganisha ndege ya kwenda Gqeberha, mji ambao zamani uliitwa Port Elizabeth, na kutoka hapo kukodi gari. Huko huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo dereva wa Dar es Salaam au Nairobi hatapata taabu. Kutoka Gqeberha hadi mji wa Graaff-Reinet ni zaidi ya kilomita 250 za barabara nzuri inayokatiza katikati ya nyika, na kutoka Graaff-Reinet hadi kijijini ni kama kilomita 50 nyingine.

Graaff-Reinet ndipo pa kusimama. Jaza tangi la mafuta hapo, toa fedha taslimu hapo, nunua maji na chakula cha njiani hapo, kwa sababu Nieu Bethesda ni kijiji kidogo ambacho mgeni hapaswi kukitegemea kwa mahitaji hayo. Mabasi ya masafa marefu hupita Graaff-Reinet lakini hayaingii kijijini. Asiye na gari itambidi aulize kwenye nyumba ya wageni atakayofikia kama wanaweza kumtafutia usafiri, na aulize siku kadhaa kabla, si akiwa amekwisha kufika stendi. Mwenye nafasi atembee kidogo mjini humo, kwani ndipo alipozaliwa na ndipo alipozikwa Robert Sobukwe, kiongozi aliyepinga ubaguzi wa rangi, na kaburi lake linastahili saa moja ya msafiri yeyote Mwafrika.

Kuhusu majira, jambo moja hutusahaulisha sisi tuliozoea joto: Juni, Julai na Agosti ni kipupwe kikali kule. Kijiji kimelala chini ya milima ya Sneeuberg, jina ambalo maana yake ni Mlima wa Theluji, na kilele cha Kompasberg kilicho karibu kina urefu wa mita 2,502. Usiku wa Julai maji huganda. Beba koti zito hata kama mchana jua linawaka. Desemba na Januari joto la mchana ni kali, na ua wa nyumba hauna kivuli cha kutosha. Kama unaweza kuchagua, nenda Aprili au Septemba, na panga kulala kijijini angalau usiku mmoja. Wageni wengi huja kwa nusu saa, wakapiga picha, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Hao hurudi makwao na picha za sanamu tu.

Anzia ndani

Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Niliuona ua kwa pembeni, ngamia na watu wa saruji wakiwa wamejaa kama soko la Ijumaa, nikavutwa huko moja kwa moja, na nilipoingia ndani ya nyumba nilikuwa nimechoka kwa jua na macho yameshiba. Usifanye hivyo. Ingia kwanza ndani, kwa sababu Helen mwenyewe alianzia ndani. Kwa miaka mingi alishughulika na vyumba kabla ya kutoka nje, na mtu akifuata mpangilio huo huo anaiona kazi ikikua mbele yake: kwanza mwanga, kisha rangi, mwishowe watu na wanyama.

Ukivuka kizingiti, simama. Usitembee kwa dakika mbili au tatu, uyaache macho yazoee. Mwanzoni kuta zitaonekana kama zimepakwa rangi iliyokwaruza tu. Halafu utaanza kuona kwamba zinametameta, na ukisogea hatua moja kushoto, vimulimuli vyote vinahama pamoja nawe, vilivyokuwa vimezimika vinawaka na vilivyokuwa vikiwaka vinazimika. Sogeza uso karibu na ukuta bila kuugusa. Utaona chenga za kioo, nyingine ndogo kama sukari, nyingine kubwa kama chenga za mchele, zimekaa juu ya rangi kwa maelfu yasiyohesabika. Chupa na vioo vilisagwa kwa mkono, chenga zikachambuliwa kwa rangi na kwa ukubwa, kisha zikabandikwa ukutani rangi ikiwa bado mbichi. Kuta, milango, dari, vyote vilifanyiwa hivyo.

Hapa nashauri mgeni aende stoo ya jikoni mapema kuliko watu wengi wanavyofanya. Kwenye rafu zake zimepangwa chupa za kioo zilizojaa chenga hizo, kila rangi katika chupa yake: kijani, kahawia, buluu, nyeupe. Mwenye nyumba nyingine angeweka hapo unga, maharage na chumvi. Nilisimama mbele ya rafu hizo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote ndani ya nyumba, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba jambo lile halikuwa wazimu wa usiku mmoja. Mtu anayechambua kioo kama anavyopeta mchele, akakiweka akiba, akajua kesho atahitaji kijani ngapi na kahawia ngapi, ni fundi aliye kazini. Ukiwa umekwisha kuziona chupa hizo, kila ukuta utakaouona baadaye utaona na kazi iliyo nyuma yake.

Kisha tazama vioo vya kujitazamia. Viko vingi, vya maumbo mbalimbali, jua, mwezi, moyo, na havikutundikwa kwa ajili ya mtu kujirekebisha kilemba. Vimewekwa vipokeane mwanga kutoka dirisha hadi ukuta hadi kioo kingine. Kumbuka kwamba nyumba hii iliwashwa kwa taa za mafuta na mishumaa, nazo taa hizo bado zimo, za kila namna, na kila moja iliwekwa mahali pake kwa makusudi. Sisi tuliokua na kandili tuna faida hapa ambayo mgeni wa mji wenye umeme hana. Tunajua jinsi mwali unavyotikisika mtu akipita, jinsi vivuli vinavyopanda ukutani, na jinsi kona ya chumba inavyobaki na giza lake. Basi fikiria kandili ishirini katika chumba ambacho kuta zote ni kioo kilichosagwa na kila upande kuna kioo cha kuurudisha mwali ule. Madirisha nayo yana vipande vya rangi, na jua linapopenya hutandika wekundu na umanjano sakafuni na juu ya matandiko. Kwa sababu hiyo ingia mara mbili: asubuhi, kisha tena jua likiwa limeinama. Muulize mhudumu wa tiketi kwa adabu kama unaweza kurudi alasiri. Na hata ukitakiwa kulipa tena, lipa.

Kipo pia chumba cha nje alichokaa baba yake katika uzee wake. Helen alikipaka rangi nyeusi na kukiita Tundu la Simba. Uhusiano wao ulikuwa mgumu. Kipite polepole, kisha rudi kwenye mwanga.

Adabu za humo ndani ni chache lakini hazina mzaha. Usiguse kuta, maana kila mguso hung'oa chenga kadhaa, na kioo hicho kinakata. Mwenye watoto awashike mikono. Begi la mgongoni livuliwe na kubebwa mbele, kwa kuwa milango ni myembamba. Kuhusu picha, uliza kwanza, na ukiruhusiwa usitumie mwanga wa kamera, ambao pamoja na usumbufu wake huua kabisa kile ulichokwenda kukipiga picha. Na jitahidi kunyamaza. Nyumba ni ndogo, sauti ya mtu mmoja huijaza yote.

Ua wa Ngamia

Ukishamaliza vyumba, toka nje. Zaidi ya sanamu 300 zimejaa katika ua ambao kwetu tungeuita wa kuanikia nafaka: ngamia, bundi, tausi, nguva, mahujaji, mamajusi, wanawake ambao sketi zao zimejengwa kwa chupa za bia zilizopangwa safu kwa safu. Msafara mkubwa wa ngamia na watu umeelekea upande ambao Helen aliuita Mashariki, kule alikoona ndiko chimbuko la hekima na nuru. Mikono mingi imeinuliwa. Katika uzio, kwa herufi za waya, yameandikwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Huu ndio ulimwengu wangu".

Mgeni anayetoka Lamu, Unguja au Muscat atajikuta katika hali ya pekee hapa. Ngamia, misafara, matao, minara, mwezi mwandamo: mambo haya aliyoyawaza mwanamke ambaye hakuwahi kuishi Mashariki hiyo, akiyapata katika Biblia, katika mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi wa kale, na katika picha za vitabuni na majarida, kwetu ni vitu vya kila siku au vya babu zetu. Wapo watakaotaka kumsahihisha, kwamba ngamia hakai hivi wala msikiti haujengwi vile. Nadhani hilo ni kukosea mahali. Helen hakuwa anaeleza nchi ya watu wengine. Alikuwa anajenga mahali pa kutamani, na kwa bahati mahali hapo palipewa sura inayofanana na kwetu. Mimi niliguswa na jambo hilo, na sioni haya kusema.

Usizunguke ovyo. Chagua sanamu moja na uikalie chini, kwa maana halisi: chuchumaa, uitazame tangu miguuni. Utaona kwamba mifupa yake ni waya, kwamba saruji ilipakwa juu ya waya huo kwa mkono, na mahali pengine alama za vidole bado zipo. Macho ni kioo. Katika baadhi ya sanamu saruji imepasuka na kutu ya waya imetoka, nayo ndiyo adui mkubwa wa ua huu, kwa sababu maji yakiingia kwenye ufa na kuganda usiku wa kipupwe hupanuka na kuipasua saruji zaidi. Kwa hiyo usiegemee sanamu, usimkalishe mtoto juu ya ngamia, na upite katika njia zilizoachwa.

Alama hizo za vidole ni za nani? Swali hili mgeni aliulize kwa sauti, kwa sababu watu wengi huondoka wakiwa na jina moja tu kinywani. Sanamu nyingi za ua huu zilijengwa na mikono ya Koos Malgas, aliyekuwa mkata manyoya ya kondoo na fundi wa ujenzi, ambaye alifanya kazi na Helen kwa takriban miaka kumi na miwili, tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi Helen alipofariki. Kabla yake walifanya kazi hapo Jonas Adams na Piet van der Merwe. Helen alikuwa na fikra, picha na michoro. Koos ndiye aliyejua jinsi ya kumsimamisha ngamia wa saruji asianguke. Zilikuwa enzi za ubaguzi wa rangi. Koos alikuwa katika jamii ya watu wa asili mchanganyiko, walioishi katika kitongoji chao cha Pienaarsig pembeni mwa kijiji, na kushinda kwake kutwa nzima pamoja na mwanamke mzungu aliyeishi peke yake kulizua minong'ono. Mwaka 1991 Koos alirudi kijijini kuzikarabati sanamu alizozijenga mwenyewe, akaifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na alifariki mwaka 2000. Ukiwaeleza wenzako habari za nyumba hii, wataje wote wawili. Sanaa ya ua ule ni mazungumzo kati ya watu wawili, na anayemtaja mmoja pekee amesikia nusu ya mazungumzo.

Mambo mengine mawili nayasema kwa wanaosafiri na familia au na kikundi cha wanafunzi. La kwanza, Helen alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 78, wakati macho yake yalikuwa yamedhoofika sana, na miaka ya kufanya kazi na kioo kilichosagwa inatajwa kuwa ilichangia. Watoto watalisikia hilo hapo hapo, kwa hiyo ni bora mzazi au mwalimu awe amekwisha kuzungumza nao kwa upole kabla ya kufika. La pili, maisha yake yalichochea tamthilia mashuhuri ya mwaka 1984, ambayo ndiyo iliyolifanya jina lake lijulikane duniani, na wageni wengi huja na mhusika wa jukwaani kichwani wakimtafuta ndani ya nyumba. Tamthilia ni tamthilia. Nyumba yenyewe ina ushahidi wa kutosha wa kusema ya kwake.

Jioni na asubuhi ya pili

Nilisema ulale kijijini, na sababu yake ni giza. Barabara za Nieu Bethesda ni za changarawe na hazina taa, na jua likizama usiku huja wote kwa pamoja kama ule wa shamba. Ukiweza, panga safari yako iangukie siku za mwezi mpevu. Makumbusho yatakuwa yamefungwa, lakini mtu anaweza kutembea barabarani kwa utulivu hadi usawa wa uzio, akasimama, akatazama. Zima tochi. Mbalamwezi ile ile ya hadithi ya Helen huanguka juu ya vichwa vya ngamia na mikono iliyoinuliwa, na mahali ambapo kioo kimeshika saruji huonekana cheche ndogo za baridi. Nilisimama hapo nikiwa nimejifunika koti na blanketi la nyumba ya wageni, nikajikuta nimeacha kuhesabu bundi. Usipige kelele wala usiruke uzio, majirani wanalala.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, pita tena nje ya lango. Utawakuta vijana na wazee wa kijiji wakiuza bundi wadogo wa saruji waliotiwa macho ya kioo, kazi ambayo ufundi wake ni ule ule wa ua uliotoka kuuona. Nunua kwao, na usipunguze bei kwa ubishi mrefu, kwa kuwa saruji na waya hugharimu na wateja ni wachache. Chagua mdogo, maana uzito wake utauona uwanja wa ndege, mviringishe ndani ya nguo na umweke katikati ya begi, mbali na kingo. Halafu muulize aliyekuuzia ni nani aliyemfinyanga, na kama ni yeye mwenyewe, mwombe aandike jina lake chini ya miguu ya bundi huyo.